Sonona na moyo: kwanini aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo tunampima presha kila mwezi ila hatumuulizi hali ya akili yake?

Nesi wa Presha (mtoa mada)

Habari zenu wanajukwaa, poleni na majukumu. Uzi utakua mrefu kidogo, mwenye haraka aweke alama arudi baadae.

Mimi nafanya kliniki ya presha na sukari, hospitali ya wilaya, siitaji. Kuna kitu kinanikera siku nyingi na naona nikiseme hapa. Mgonjwa anakuja asubuhi, anakaa kwenye benchi na kadi yake, anafika kwangu namfunga mkanda wa presha mkononi inasoma 160 kwa 100, naenda kwa daktari, daktari anaongeza dawa, next. Huyo huyo mgonjwa ukimpa dakika mbili tu anakwambia sista mi silali, naamka saa tisa usiku macho kodo mpaka asubuhi, chakula hakipiti, hata wajukuu wakija naona kelele, mwili wote umechoka na sijafanya kazi yoyote. Tunamjibu "punguza mawazo mzee, punguza chumvi" alafu anaenda dirisha la dawa. Hiyo ni sonona (depression) inaongea kabisa mbele yetu na tumeipita.

Na sio suala la huruma tu, ni suala la uhai. Mwaka 1993 huko Montreal, Kanada, mama mmoja mtafiti anaitwa Nancy Frasure-Smith na wenzake waliwachukua wagonjwa 222 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, wakawahoji wakiwa bado wodini, wakakuta 35 wana sonona kamili. Wakawafuatilia miezi 6 tu. Wenye sonona walikufa kama asilimia 17, wasio na sonona kama asilimia 3. Na hata walipozingatia moyo wa nani uliharibika zaidi, tofauti ilibaki kubwa. Toka hapo tafiti zimekuja nyingi mpaka mwaka 2014 chama cha moyo cha Marekani, AHA, kikatoa tamko kwamba sonona itambuliwe rasmi kama kihatarishi kwa mtu aliyepata shambulio la moyo, yaani ikae kwenye orodha moja na sigara na sukari.

Sasa inaingiaje mpaka kwenye moyo? Hapa ndo pananivutia mimi.

Njia mojawapo ni inflamesheni. Ukijikata kidole kinavimba, kinakua chekundu, kinapata moto, hiyo ni kinga ya mwili iko kazini na ikimaliza inazima. Shida ni ile ya chinichini isiyozima, mtu haoni uvimbe wala homa ila ndani kunafuka kama mkaa uliofunikwa na majivu. Seli za kinga zinatoa kemikali zinaitwa saitokaini, mojawapo interleukini-6, hiyo ikifika kwenye ini, ini linatengeneza protini inaitwa CRP ambayo inapimika kwenye damu. Kwenye mishipa ya moyo mafuta yakishajipenyeza ukutani, seli za kinga zinayafuata zinayameza zinajazana pale, inajengeka gamba, na inflamesheni ndo inalifanya gamba liwe laini mpaka siku linapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Basi.

Na kwenye ubongo? Kemikali hizohizo zinafika huko. Wote tunajua ukiwa na malaria hutaki mtu, hutaki kula, hutaki hata simu, unataka kulala umejigeuzia ukutani. Hiyo hali inaletwa na saitokaini zenyewe. Sasa chukulia mtu yuko hivyo kwa kiwango kidogo miezi na miezi. Ushahidi mzito zaidi kwangu ni wale waliokua wanatibiwa homa ya ini C enzi zile kwa sindano za interferoni, ambayo ni saitokaini unachomwa moja kwa moja. Watu wengi tu waliingia kwenye sonona kabisa, waliokua wazima wa akili, ndani ya wiki chache za dozi, wengine mpaka dozi ikasimamishwa.

Naomba tujadili kwa ustaarabu.

Kinyerezi Kwetu

Uzi mzuri sista ila mi naona haya mambo ya kizungu. Huku mtu ana mawazo sababu kodi ya nyumba imefika na ada ya mtoto haijalipwa. Mpe hela uone kama hiyo inflamesheni haijaisha.

Nesi wa Presha

Mkuu sikupingi kwenye hela, ila ugumu wa maisha ndo huohuo unaopita kwenye mwili. Kuna utafiti unaitwa INTERHEART ulitoka 2004, ulichukua nchi 52 na Afrika ikiwemo, watu karibu 15,000 waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza wakalinganishwa na idadi karibu hiyohiyo wasiopata. Walichoangalia ni pamoja na stresi ya kazini na nyumbani, stresi ya pesa, matukio mazito kama kufiwa, na sonona. Ikaonekana haya mambo yako kwenye vihatarishi tisa vikubwa dunia nzima, sambamba na sigara, presha, sukari na mafuta mabaya kwenye damu. Kwahiyo sio ya wazungu.

Na mwaka 2017 watafiti wa Boston walipiga picha ubongo, uboho wa ndani ya mifupa na mishipa ya watu 293 alafu wakawafuatilia. Ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, amigdala, wale ambao ilikua inafanya kazi sana uboho wao nao ulikua unachemka, na ukuta wa mishipa una inflamesheni zaidi, na ndo waliopata zaidi matatizo ya moyo na kiharusi baadae. Ina maana kodi ya nyumba inaanza kichwani, inashuka kwenye mifupa inakotengenezwa damu, inaishia kwenye mshipa wa moyo. Mtu akikwambia "mawazo yataniua" hajakosea sana.

Binti wa Makambako

Dada nesi umenigusa aisee. Baba yangu ana miaka 61, alipata mshtuko wa moyo mwezi wa tatu tukamkimbiza Dar, alilazwa wakamzibua mshipa akarudi nyumbani. Moyo wanasema uko vizuri, eko imepimwa mara mbili. Ila baba sio yule. Alikua haachi taarifa ya habari hata siku moja, saizi TV inaongea yenyewe yeye anaangalia ukutani. Kanisani haendi. Juzi natandika kitanda nikakuta vidonge vya mafuta na aspirini viko chini ya mto, vingi, alikua anaweka mdomoni tukiondoka anavitoa. Nilipomuuliza akasema "mwanangu vya nini sasa". Nimelia sana. Nifanyeje?

Nesi wa Presha

Pole sana dada, mpe pole na mama pia, najua kumuuguza mtu wa hivyo kunachosha kuliko hata mgonjwa wa kitandani.

Hilo la vidonge chini ya mto ulichukulie kama dharura maana mtu akishawekewa waya kwenye mshipa wa moyo akiacha dawa za kuzuia damu kuganda, ule waya unaweza kuziba. Mwambie daktari wa moyo ukweli, usimfichie baba kwa aibu.

Alafu mrudishe hospitali ukaombe apimwe sonona. Kuna dodoso linaitwa PHQ-9, maswali tisa, la Kiswahili lipo na limeshafanyiwa utafiti Kenya na Tanzania. Linauliza wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya vitu, umejisikia huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa maisha, umakini, kwenda taratibu au kutotulia, na la mwisho kama umewaza afadhali ufe au ujidhuru. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 27, ikifika 10 kwenda juu hapo anahitaji kuonwa vizuri na mtaalamu. Lile la tisa akijibu ndio hata kwa mbali, sio la kusubiri kliniki ya mwezi ujao, ni siku hiyohiyo, na dawa zote za nyumbani akae nazo mtu mwingine. Na muulize mwenyewe waziwazi, kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpi wazo ambalo hakua nalo.

Kitu kingine tafadhali sana: wakitaka kumwandikia dawa waambie ana moyo. Huku kwetu amitriptilini ni rahisi na inatolewa sana, kwa usingizi, kwa maumivu ya miguu, kwa mawazo, ila kundi lake linavuruga umeme wa moyo na kwa aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo sio chaguo zuri. Sertralini ndo imepimwa kwa wagonjwa wa namna ya baba, utafiti wa SADHART wa 2002, wagonjwa 369, ikaonekana kwa moyo iko salama na wale wenye sonona kali ikawasaidia. Ila ikitumika pamoja na aspirini damu inakua rahisi kutoka, kwahiyo daktari ajue dawa zote anazomeza. Usinunue mwenyewe dukani.

Duka la Kona

Mi niko kwenye duka la dawa. Sasa kama shida ni inflamesheni si tumpe diklofenaki au ibuprofeni maisha yaende? Ndo kazi yake hiyo dawa.

Nesi wa Presha

Hapana kaka, na nashukuru umeuliza maana najua kuna watu wameshawaza hivyo. Diklofenaki inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, haipunguzi. Ile dawa Vioxx ya kundi linalofanana na hilo ilitolewa sokoni dunia nzima mwaka 2004 kwa sababu hiyohiyo ya moyo. Mzee wa presha anayechukua diklofenaki kila wiki kwa goti, presha haitakaa ishuke na figo zinaumia. Tafadhali hapo dukani kwako waulize kwanza kabla ya kuwapa.

Inflamesheni sio kitu kimoja, kuna njia nyingi na kila dawa inagusa pake. Ushahidi kwamba kuizima kunasaidia moyo upo, utafiti wa CANTOS wa 2017, watu 10,061 ambao walishapata mshtuko wa moyo na CRP yao iko juu, wakachomwa kanakinumabu inayozuia interleukini-1 beta. Mafuta kwenye damu hayakushuka ila matukio ya moyo yalipungua kama asilimia 15. Hapo ndo ikathibitika kwamba inflamesheni ni mhusika mwenyewe na sio shahidi tu. Lakini waliochomwa walikufa zaidi kwa maambukizi, kinga ikishushwa vijidudu vinapata nafasi, na bei yake haishikiki, kwahiyo haijawa dawa ya moyo mpaka leo. Walivyojaribu methotreksati, ile ya baridi yabisi, haikufanya kitu. Kolchisini ile ya jongo, kwa dozi ndogo, ilionekana kusaidia na Marekani wakaipitisha 2023, alafu mwaka 2024 utafiti mwingine mkubwa kwa watu waliotoka kwenye mshtuko haukuona faida. Mjadala bado unaendelea.

Kwenye sonona nako hivyohivyo. 2013 huko Atlanta walichukua watu 60 wenye sonona iliyogoma dawa, nusu wakapewa infliksimabu ya kuzuia TNF, saitokaini nyingine. Ukiwachukua wote kwa pamoja haikushinda dripu ya bandia isiyo na dawa. Ukiwatenganisha, wale ambao CRP yao ilikua juu ya 5 walielekea kupata nafuu na ambao iko chini waliona heri wangepewa hiyo ya bandia. Kwahiyo sio kila sonona ina moto ndani, kuna baadhi. Mtu asije hapa akasema sonona yote ni inflamesheni, sio kweli.

Mtu wa Takwimu

Sista nakuheshimu ila naomba nikupinge kidogo kwenye msisitizo. Kuna utafiti wa San Francisco unaitwa Heart and Soul, ulitoka 2008, Mary Whooley na wenzake, wagonjwa 1,017 wa moyo. Wenye dalili za sonona walipata matukio ya moyo kama nusu zaidi ya wengine. Lakini walipoingiza kwenye hesabu tabia, hasa kutofanya mazoezi, na sigara na kutomeza dawa, ule uhusiano ukayeyuka karibu wote. CRP walipoiingiza haikubadilisha kitu kikubwa hivyo. Kwahiyo huyu mzee wa Makambako hatari yake haiko kwenye saitokaini, iko chini ya mto.

Nesi wa Presha

Hii ndo michango niliyokua naisubiri, asante sana mkuu. Utafiti naufahamu na nakubali asilimia kubwa. Ila angalia hivi, kutotembea kwenyewe kunaongeza inflamesheni, mafuta ya tumboni ni kiwanda cha interleukini-6, sigara nayo hivyohivyo, kutolala vilevile. Kwahiyo tabia na inflamesheni sio timu mbili zinazoshindana. Sonona inamkalisha mtu ndani, kukaa ndani kunamwasha, kuwaka kunamchosha zaidi, anazidi kukaa. Ndo maana pia kuna utafiti wa Uingereza, wale watoto wa Bristol, ambao interleukini-6 yao ilikua juu wakiwa na miaka 9 walikua na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona wakifika 18. Hapo kemikali ilitangulia, sonona ikafata. Kwa mwingine inaanza sonona. Inazunguka.

Na ziko njia zingine sijazigusa, chembe sahani za damu kwa mwenye sonona zinagandana haraka zaidi, na mapigo ya moyo yanakosa ule unyumbufu wake wa kawaida. Ila kwa mzee wa Makambako kwa leo nakubaliana na wewe, tuanze na vidonge.

Mama Salha

Mie nasema kitu kimoja, watu wamrudie Mungu. Baba wa watu aombewe na asiachwe peke yake. Wazee wetu wakishatoka hospitali tunawaweka chumba cha ndani eti wapumzike, mtu anakaa peke yake asubuhi mpaka jioni, hata mzima angeumwa.

Nesi wa Presha

Mama shikamoo. Hilo la kuachwa chumba cha ndani umesema kweli tupu, na mtu akiweza kurudi kwenye ibada na jumuiya yake ni tiba kubwa mno, tunamwambia arudi. Dawa ziendelee pamoja na maombi.

Binti wa Makambako

Mama Salha nakuamkia pia, shikamoo. Dada nesi, swali: akitibiwa hiyo sonona, moyo nao utapona? Maana kaka zangu wanasema tunapoteza hela.

Nesi wa Presha

Nakujibu kwa ukweli wote. Mwaka 2003 Marekani walifanya ENRICHD, wagonjwa 2,481, nusu wakapewa tiba ya mazungumzo na wenye hali mbaya wakaongezewa dawa. Sonona ilipungua, lakini vifo na mishtuko ya moyo vilibaki sawa pande zote mbili. Iliwavunja moyo watu wengi. Alafu 2018 Wakorea wa Gwangju wakatoa yao, wagonjwa 300, dawa ya sonona inaitwa eskitalopramu wiki 24, wakafuatiliwa miaka kama 8, waliopewa dawa walipata matukio makubwa ya moyo asilimia 40.9 na waliopewa ya bandia asilimia 53.6. Ni utafiti mdogo wa hospitali moja, bado siwezi kukuapia. Nachoweza kukwambia bila kusita ni kwamba baba atakula, atalala, atatoka nje na atameza vidonge vyake, na hivyo vidonge kwenye moyo vimeshathibitika miaka mingi. Waambie kaka zako hivyo. Na hata kama isingeongeza siku hata moja, mzee kukaa anaangalia ukuta sio maisha.

Na tiba haihitaji daktari bingwa kila mahali. Uganda, Masaka na Rakai, vijiji 30, walifundisha watu wa kawaida wa palepale kuendesha vikundi vya mazungumzo wiki 16, matokeo yalitoka 2003, sonona ilishuka vibaya sana ukilinganisha na vijiji visivyopata. Zimbabwe Dk Dixon Chibanda alianza 2006 pale Mbare na bibi 14, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wanamsaidia kutatua tatizo moja moja, na utafiti wao wa 2016 ulionyesha inafanya kazi. Benchi tunazo hata kwetu, zimejaa watu wa presha kila asubuhi, wanakaa masaa matatu wanasubiri mkanda. Nimeshapeleka ombi kwa mganga mfawidhi tuweke maswali mawili ya mwanzo ya PHQ kwenye kadi ya presha, yale ya hamu na huzuni. Akijibu ndio ndo anapewa yote tisa. Dakika moja tu kwa mtu.

Kinyerezi Kwetu

Sista nimekuelewa sasa. Nikapime hiyo CRP au? Naona maabara moja hapa wana tangazo la kupima "hatari ya moyo".

Nesi wa Presha

Usikimbilie mkuu. Ile inayotumika kwa moyo ni CRP ya kipimo cha usikivu mkubwa, chini ya 1 hatari ndogo, 1 mpaka 3 ya kati, juu ya 3 kubwa. Ila huku kwetu malaria inapandisha, jino bovu linapandisha, kidonda kinapandisha, UTI inapandisha. Ikisoma juu ya 10 maana yake tafuta maambukizi kwanza, subiri wiki kadhaa baada ya kupona ndo urudie. Na daktari hatakubadilishia dawa yoyote ya sonona kwa sababu ya hiyo namba, bado hatujafika huko. Hiyo hela pima presha, sukari na mafuta kwenye damu, kisha kajibu yale maswali tisa bila kujidanganya.